Mama ana ugonjwa wa kusahau: tutafute nyumba ya kulelewa, tuajiri mlezi, au tuendelee na zamu? (Wete)

BintiMtambwe

Asalaam aleykum. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Pole nishapewa nyingi, nashukuru, lakini sasa nataka maarifa.

Mama ana miaka 78, ana kisukari na presha, na daktari kasema ni dimensia. Mtaani wanasema kapiswa tu, uzee huo. Anatembea vizuri, anakula, anatujua wengi wetu. Tabu ni usiku: halali, anafungua mlango, anasema anakwenda kwao. Na kuoga imekuwa vita. Tuko ndugu watano: wawili Wete, mmoja Unguja, mmoja Dar, mmoja Uingereza. Mpaka sasa anakaa kwa zamu, miezi miwili kwa huyu, miwili kwa yule, anapandishwa boti anashushwa.

Rai ziko tatu. Kaka wa Uingereza anataka tutafute nyumba maalumu ya wagonjwa kama hawa, ya kulipia, kama za huko, au yeye amchukue. Dada wa Unguja anataja makaazi ya wazee ya Limbani. Mie naona tuajiri mlezi. Mtu anachaguaje? Anatazama nini, anauliza nini, na kipi huharibika?

---

NesiChake

Waalaykum salaam, dada. Kabla ya kuchagua mahali, liondosheni moja ambalo tayari linamdhuru: hizo zamu.

Naelewa zilivyoanza. Ni haki baina ya ndugu, kila mtu apate thawabu na kila mtu apate kupumua. Mzee mwenye akili timamu hata hufurahi kutembezwa. Lakini mwenye dimensia hawezi kujifunza nyumba mpya. Choo kiko wapi, taa inawashwa wapi, mlango wa ua uko upande gani, hayo anayajua kwa mazoea ya miaka na si kwa kukumbuka. Ukimhamisha, mazoea yamebaki nyuma. Usiku anaamka kwenda haja, anafuata njia ya nyumba ile nyengine, anakuta ukuta. Anajikojolea, mnasema kazidi. Miezi miwili ndiyo kwanza anaanza kuzoea, boti hiyo. Zungusheni walezi, mgonjwa akae. Wa Dar na wa Unguja waje wao Wete kwa zamu zao, walale chumba kile kile, wafuate ratiba ile ile.

La pili, hakikisheni kama yote mnayoyaona ni dimensia. Dimensia huja kwa miezi na miaka. Akibadilika ndani ya siku mbili tatu, jana alikuwa anazungumza na leo anaona watu ukutani au amelala tu, huo ni ugonjwa mwengine juu yake na unatibika: mkojo mchafu, homa ya mapafu, malaria, sukari kushuka, maji kupungua mwilini, hata choo kigumu cha siku tano. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na kama alianguka wiki chache zilizopita, semeni kwa daktari hata kama hakuumia. Kwa wazee damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikaja baadaye.

Kwa kuwa ana kisukari, ulizeni vitu viwili kwa jina. Kama anatumia metformini miaka mingi, apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo huipunguza, na upungufu wake huharibu kumbukumbu na ganzi za miguu huja nayo. Kama anatumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, mpimeni sukari usiku anapohangaika. Mzee aliyekula kijiko kimoja cha wali magharibi akameza kidonge kizima, saa nane za usiku sukari imeshuka, anatetemeka, anatoka jasho, anataka kutoka nje. Watu wanasema dimensia imempanda kumbe ana njaa. Apimwe na tezi ya shingo, figo, masikio na macho pia. Nta tu iliyoziba sikio humfanya mzee aonekane amepotea.

Hayo yakishafanywa, ndipo mje kwenye kuchagua. Na hapo fanyeni hesabu kabla ya kugombana. Wiki ina saa 168. Mlezi mmoja akifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 6, ni saa 60. Zinabaki 108, na ndani ya hizo 108 mna usiku wote. Watu huajiri msichana mmoja, alale hapo hapo, afue, apike na amlinde bibi usiku na mchana, halafu wiki ya tatu kakimbia, wanasema wasichana wa siku hizi hawana imani. Hana kosa. Hajalala. Mgonjwa anayezunguka usiku anahitaji watu watatu kwa uchache: wa mchana, wa usiku, na wa kuwapumzisha. Mmoja akiwa wa kulipwa, wawili wa familia, inawezekana.

---

MwanaWaKojani

Kumpeleka mzazi nyumba ya wazee ni kukimbia radhi. Watoto watano mnashindwa na mama mmoja?

---

MstaafuUstawi

Ndugu yangu hapo juu, njoo ulale naye wiki moja, uamke mara sita kila usiku, halafu uandike tena.

Dada, nijibu la Limbani. Makaazi ya wazee ya Serikali ni Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Yamewekwa kwa wazee wasio na jamaa wa kuwatunza na wasiojiweza. Mlango wa kuingilia ni sheha wa shehia yake, kisha ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, anayekuja kuchunguza hali ya mzee nyumbani. Mama mwenye watoto watano hai, mmoja yuko Uingereza, hatakuwa wa mwanzo kwenye orodha, na ndivyo inavyopasa.

La pili, makaazi ya wazee si wodi ya dimensia. Mzee anayejitambua, anayejua chumba chake, hukaa vizuri sana. Anayetoka usiku kutafuta kwao anahitaji jicho moja juu yake muda wote, na pahala pa wazee wengi jicho hilo ni tabu kulipata. Nenda ukatazame mwenyewe, kwani hakuna ubaya kuuliza.

Na msikosee kuipeleka shida hii Kidongo Chekundu mkidhani ataachwa huko. Ile ni hospitali ya maradhi ya akili. Mtu hupelekwa kuchunguzwa na kutibiwa, akitulia anarudi kwao. Kwa uchunguzi na ushauri wa dawa ni pahala pa maana, kwa makaazi siyo.

Kuhusu pesa: pensheni jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa. Kama mama hajaandikishwa, sheha ndiye wa kuanza naye. Kama ameandikishwa lakini hawezi tena kwenda kupokea, ulizeni utaratibu wa mtu kumpokelea kabla hamjapitwa na malipo. Haitoshi kumlipa mlezi, ila hununua pampasi za wakubwa na sabuni.

Jambo jengine watu huliacha mpaka linaoza: mali. Kama ana shamba la mikarafuu au nyumba, na bado kuna siku anaelewa anachosema, mwiteni wakili au nendeni kwa kadhi mapema. Uwakala hutolewa na mwenye akili yake. Ukimshikisha kalamu siku ambayo hajui jina lake, karatasi hiyo ni ugomvi mtakaorithi nyote watano.

---

PwaniCoventry

Nijibu la kaka wa Uingereza, kwa sababu wengi huku wana fikra hiyo hiyo.

Kumchukua: visa ya mzazi anayehitaji kutunzwa imebanwa tangu Julai 2012. Lazima muoneshe kuwa matunzo anayohitaji hayapatikani kwao au hayamudiki hata kwa msaada wa mtoto aliye huku. Mwenye watoto wanne Zanzibar na Dar atakataliwa karibu kwa hakika. Asikope pesa za kumlipa wakala wa visa kwa hilo. Na hata angepita, mama hajui Kiingereza, hajui baridi, na kwenye dimensia lugha ya pili ndiyo hutangulia kupotea, seuze ile asiyoijua.

Nyumba maalumu: huku zipo kweli. Milango ina namba za siri, bustani imezungushwa ukuta ili mtu atembee asipotee, wafanyakazi wamesomea dimensia. Kwa England kila nyumba hukaguliwa na chombo kinachoitwa CQC, na ripoti huwekwa wazi kwa daraja nne, kuanzia bora kabisa mpaka isiyofaa. Halmashauri humtathmini mgonjwa kwanza, na mwenye akiba na mali zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Pemba usitarajie nyumba ya namna hiyo. Lakini namna watu wa huku wanavyoikagua nyumba inafaa popote, hata mkisikia kuna mtu Unguja kafungua nyumba binafsi ya kulea wazee. Kwanza muombeni usajili wake kwa maandishi. Hana, ondokeni.

Kisha nendeni mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, mzungushwe. Ya pili bila ya miadi, jioni, baina ya saa kumi na moja na saa moja, wakati wagonjwa wa dimensia huwa wanahangaika zaidi na wafanyakazi wanabadilishana. Mkurugenzi mwacheni na maneno yake, tazameni mikono. Mzee akiita, anajibiwa baada ya muda gani? Anayelishwa, mlishaji amekaa usawa wa macho yake au amesimama juu yake na simu mkono wa pili? Nusieni korido: harufu ya mkojo wa sasa hivi ni jambo la kawaida, harufu iliyoingia ukutani ni ya miezi. Tazameni kucha, midomo iliyokauka, miwani kama ni safi, meno ya bandia kama yapo mdomoni au yamepotea. Wazee kumi wote wamelala viti saa nne asubuhi? Ulizeni wamepewa dawa gani.

Maswali yenye jibu la namba: usiku mko wangapi, kwa wazee wangapi? Mchana mtu mmoja kwa wagonjwa watano au sita ndiyo inafaa kwa dimensia. Mmoja kwa kumi na tano hawezi hata kuwapeleka chooni. Mfanyakazi aliyekaa zaidi hapa ana muda gani? Mwezi uliopita wameanguka wangapi? Anayejibu «hapa haanguki mtu» anakudanganya, maana wazee huanguka. Nyumba nzuri inakutajia namba na ilichobadilisha baada yake.

Na kuna jengine la kuwachekesha. Uholanzi, katika mji wa Weesp, wamejenga kijiji kizima cha wagonjwa wa dimensia, Hogeweyk, tangu 2009, chenye duka, mkahawa na njia za kutembea, wagonjwa wanakaa nyumba za watu sita saba kwa tabia zao za zamani. Watu wanatoka dunia nzima kwenda kukitazama. Nyumba ya Pemba yenye ua, mwembe, baraza na majirani wanaomjua bibi kwa jina tayari ina nusu ya kijiji kile. Nusu iliyokosekana ni walezi wenye zamu na ujuzi. Kaka alete pesa ya hiyo nusu.

---

MfamasiaMkunazini

Niongeze la dawa, fupi.

Msimpe Piriton ili alale. Wala fenagani, wala amitriptilini bila ya daktari kujua kuwa ana dimensia. Dawa hizi hukata kemikali ile ile ya ubongo ambayo mgonjwa huyu tayari amepungukiwa. Analala muda wa saa tatu tu, anaamka amechanganyikiwa mara mbili, mkojo umeziba na choo kimekuwa kigumu. Diazepamu, dawa ya kutuliza na usingizi, humwangusha.

Haloperidoli na dawa za jamii yake, za maradhi ya akili, zina nafasi yake, mgonjwa akiwa khatari kwake au kwa watu na njia nyengine zimeshindwa. Lakini kwa wenye dimensia huongeza kiharusi na vifo, na onyo hilo limewekwa rasmi Marekani tangu 2005 kwa baadhi yake na 2008 kwa zote. Kipimo cha mzee ni kidogo, huanzia robo au nusu miligramu, na daktari aitazame tena ndani ya wiki sita, si kuimeza miaka mitatu kwa cheti kile kile. Na kuna aina ya dimensia, mgonjwa anaona watoto au wanyama wasiokuwepo na anakakamaa mwili, ambayo haloperidoli humfanya ajifunge kama gogo. Akiona vitu, mwambieni daktari kabla.

Donepezili, dawa ya kumbukumbu, ikiandikwa: 5 mg kwa siku, baada ya wiki nne hadi sita huweza kupandishwa 10. Haiponyeshi. Kwa baadhi ya watu hushikilia hali kwa muda. Apimwe mapigo ya moyo kabla, kwani huyapunguza. Ikimletea ndoto mbaya usiku, ulizeni kuihamishia asubuhi.

Dawa zote za nyumba kwenye sanduku lenye kufuli. Mgonjwa wa kusahau humeza presha ya asubuhi mara tatu.

---

FundiKiuyu

Wengi wamesema ya mgonjwa, mie nasema ya nyumba, maana mkimweka Wete nyumba hiyo nayo inataka kazi.

Mlango. Mgonjwa hutafuta komeo pale lilipozoeleka, usawa wa kifua. Wekeni komeo la pili chini kabisa au juu kabisa ya mlango, mara nyingi halioni. Lakini kamwe asifungiwe ndani peke yake, na kila anayelala hapo alijue kulifungua gizani. Moto hauulizi. Kengele ndogo ya mbuzi juu ya mlango ni senti chache na humwamsha mlezi.

Chooni. Choo cha kuchutama kwa mwenye miaka 78 ni kuanguka kunakongojea siku. Kama hamna pesa ya choo cha kukaa, tengenezeni kiti cha mbao kizito chenye tundu, miguu yake iwe na mpira, kiwekwe juu ya tundu la choo. Bomba la kushikia liwe la inchi moja na robo, sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni, upande wa mkono anaoutumia. Sasa sikilizeni hapa: ukuta wa mawe na chokaa haushiki skrubu. Bomba litakaa mwezi mmoja zuri, siku atakapoegemea kweli litang'oka na yeye nalo. Kwenye ukuta wa namna hiyo bomba lisimamishwe kutoka sakafuni, shimo la sentimita 30, zege, liachwe wiki nzima bila ya kuguswa. Ukuta wa tofali za saruji unashika, lakini tundu liingie kwenye tofali zima, si kwenye kiungo.

Rangi. Marumaru nyeupe, choo cheupe, ndoo nyeupe: macho yake hayatenganishi. Pakeni ubao wa kukalia rangi nyekundu au buluu iliyokoza. Sahani vile vile, wali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani, anaacha nusu mnasema hana hamu. Sakafu inayong'ara yeye anaona maji, zulia jeusi anaona shimo, atasimama pale pale akatae kupita. Vizulia vidogo toeni vyote.

Kioo cha kabati funikeni kanga kama anagombana na «bibi yule».

Kisima kifunikwe kwa mfuniko wenye kufuli. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu kila baada ya kupika. Na tafadhalini, mafuta ya taa na dawa ya kung'arishia nguo msitie kwenye chupa za maji ya kunywa. Umeme ukikatika wekeni taa ya jua njia ya chooni, iwake usiku kucha.

---

BintiMtambwe

Mungu akulipeni nyote. Tumezungumza jana kwa simu, kaka kakubali kulipa badala ya kutafuta nyumba. Mama atabaki kwa dada mkubwa, Wete, nyumba aliyoizoea zaidi. Sasa tunao wanawake wawili wanaotaka kazi ya mchana. Mmoja kalea wagonjwa wa kiharusi, mwengine hajafanya kazi hii ila mtulivu. Tunamjuaje anayefaa? Na shemeji anasisitiza mama aswali kwa wakati na Ramadhani afunge, kila mara inakuwa kelele.

---

NesiChake

Msiwaulize uzoefu tu. Wapeni mtihani mmoja. Mwambie: «Mama anasimama mlangoni jioni anasema nataka kwenda kwetu, mama ananingoja. Utamjibu nini?» Anayesema «nitamwambia mamaake alikufa zamani» hafai bado, maana kila akiambiwa atafiwa upya. Anayesema «nitamfungia» hafai kabisa. Anayesema «nitamuuliza kwao wapi, mamaake alikuwa akipika nini, tutembee kidogo uani, halafu nimpe chai» huyo mchukue hata kama hajawahi kushika mgonjwa. Kufunga pampasi utamfundisha kwa siku moja.

Wiki mbili za mwanzo awe pamoja na dada, asiachwe peke yake. Mwandikieni karatasi moja, ikae ukutani: jina analoitikia, majina ya watoto na waliokufa asiokumbushwa, anakunywa chai ya namna gani, anapenda kisomo gani redioni, zamani alikuwa akifanya nini. Kama alikuwa akisuka ukili, wekeni ukili mkononi mwake. Kupepeta mchele, kuchambua karafuu na makonyo yake, kukunja kanga, mikono hukumbuka kazi hizo baada ya majina kupotea. Mpeni kazi hiyo alasiri, kabla hayajaanza mahangaiko ya magharibi. Taa ziwashwe mapema, kabla giza halijaingia chumbani. Mchana asilale zaidi ya nusu saa, na chai ya rangi baada ya alasiri basi.

Kuoga: msimwambie «twende ukaoge». Vita vyenu huenda ni baridi na haya. Saa ya kuoga iwe ile aliyokuwa akioga maisha yake yote. Maji ya vuguvugu tayari ndooni, kopo mkononi mwake mwenyewe, kanga moja mwilini muda wote, muosheni chini yake. Anza na miguu, kichwa mwisho au siku nyengine. Akikataa, acheni, rudini baada ya nusu saa na sura nyengine. Mara mbili kwa wiki kuoga kamili na kila siku kupanguswa sehemu za siri inatosha kiafya. Chooni apelekwe kila baada ya saa mbili au tatu bila ya kungoja aseme.

Yule aliyelea wagonjwa wa kiharusi ana faida moja kubwa, anajua kulisha: mgonjwa akae wima, kijiko kidogo, ameze ndipo kije chengine, abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Muulizeni kama anaweza kuacha mgonjwa afanye mwenyewe polepole. Waliozoea kiharusi wakati mwengine hufanya kila kitu kwa haraka, na mgonjwa wa dimensia asichokifanya wiki mbili hukisahau.

Mlezi mumkague hivi: mpimeni mama uzito kila mwezi, siku ile ile, mizani ile ile. Mtu wa kilo 60 akipungua 3 kwa mwezi, daktari. Tazameni ndani ya mikono ya juu na viwiko wakati wa kuoga, michubuko ya vidole hukaa hapo. Usingizi mzito wa mchana ulioanza ghafla, mbali na kumpeleka hospitali, hesabuni na vidonge vya nyumba, huenda anapewa vya kumlaza. Na fikeni nyumbani saa zisizotarajiwa, mlezi mzuri hatakasirika. Kwa upande wenu, siku yake ya mapumziko iandikwe na iheshimiwe, na awepo mtu anayejulikana wa kushika siku hiyo. Walezi wengi huondoka kwa kukosa siku hiyo zaidi kuliko kwa mshahara.

Kuhusu sala na funga, shemeji akamuulize shehe wake, na atamkuta anamwambia kuwa kalamu huondoshwa kwa aliyeondokewa na akili. Akitaka kuswali rakaa sita za adhuhuri, muacheni aswali. Ni dakika kumi za utulivu. Sehemu ya udhu tu iwe kavu na awe na kiti. Kufunga, kwa mwenye kisukari anayemeza vidonge na asiyeweza kusema kiu, ni khatari ya wazi. Mpeni maji, glasi sita kwa siku kwa uchache kama daktari hakukataza kwa ajili ya moyo au figo, na futari ale na wenzake mkekani kama kawaida, ataona amefunga.

---

MstaafuUstawi

Lifanyeni hili wiki hii, msingoje atoroke. Picha yake ya sasa, ya mwili mzima, iwe kwenye simu za nyote. Namba mbili za simu zishoneshwe ndani ya buibui na kwenye pindo la nguo anayolalia, karatasi mfukoni huitupa. Sheha, imamu wa mskiti wa karibu, mwenye duka la kona na watoto wa chuoni wajue: wakimuona peke yake wasimkamate mkono kwa nguvu, wamwambie «bibi, tunakwenda njia moja», watembee naye kuelekea nyumbani.

Akipotea, dakika tano za mwanzo tafuteni ndani: nyuma ya mlango, chini ya kitanda, banda la kuku, choo cha jirani. Kisha mmoja abaki nyumbani, mmoja aende kisimani na upande wa bahari kwanza, mmoja ashike njia ya kuelekea kijiji alichozaliwa, maana ndiko «kwetu» anakokutaja. Tangazo la mskitini na polisi baada ya dakika kumi na tano, msione haya mkangoja jioni.

---

BintiMtambwe

Kwao ni Mtambwe. Njia yake inapita ufukweni. Naenda kushona hizo namba leo.